Kijiti na Asili Yake: Historia ya Nyua za Kihesa

Katika Kiswahili neno ua lina maana mbili zinazokaa jirani. Liko ua linalochanua mtini, na wingi wake ni maua. Na uko ua unaoizunguka nyumba, na wingi wake ni nyua. Mwanafunzi wa sarufi hufundishwa kuyatenga maneno hayo kwa ngeli zake, na mwalimu anayemfundisha hivyo hana kosa. Lakini mtu aliyekulia Kihesa, katika mji wa Iringa, hupata taabu kidogo kuyatenga, kwa maana kwetu sisi ua wa nyumba aghalabu ulikuwa wa maua: haibiskasi nyekundu upande wa njia, bogenvilia ya zambarau penye mlango, na minyaa upande wa zizi. Hapakuwa na mbegu iliyonunuliwa. Kila mti katika nyua hizo ulianza kama kijiti kilichokatwa mahali pengine, kikabebwa mkononi, kikachomekwa ardhini.

Historia ninayokusudia kuisimulia hapa ni historia ya kijiti hicho. Vitabu vyetu vya historia vimeeleza vya kutosha habari za vita, za watawala na za mikataba, na hayo yote ni ya lazima. Lakini mambo mengi yaliyotujenga hayakuandikwa mahali popote, kwa kuwa waliyoyafanya hawakuwa watu wa kuandikiwa habari. Nyua zetu ni miongoni mwa mambo hayo, na leo zinang'olewa kwa haraka kuliko zilivyopandwa.

Tuanze na majina. Iringa yenyewe ni jina la ua. Wahehe waliita ngome lilinga, na ngome iliyojulikana kuliko zote ilikuwa ile ya Mtwa Mkwawa kule Kalenga, iliyozungushiwa ukuta wa mawe na udongo. Mkwawa alikuwa amewashinda Wajerumani pale Lugalo tarehe 17 Agosti 1891. Wajerumani walirudi na mizinga, na tarehe 30 Oktoba 1894 waliivunja Kalenga. Mnamo mwaka 1896 walianzisha boma lao juu ya mlima, mahali ulipo mji wa sasa, na mji huo wakauita Iringa Mpya. Kwa hiyo jina la Iringa lilikatwa Kalenga likachomekwa kwingine, na mkataji hakuwa mwenye shamba. Hata hivyo lilishika. Leo hakuna anayekumbuka kwamba lilipata kuitwa jipya.

Mkoa wa Manyara, ulioanzishwa mwaka 2002, nao una jina la ua. Ziwa Manyara, lililoupa mkoa huo jina, liliitwa hivyo kutokana na neno la Kimaasai, emanyara, ambalo ni jina la mti tunaouita mnyaa. Wamaasai huupanda kuzunguka maboma yao ili kulinda mifugo. Mti huo hauna majani ya kuonekana. Una matawi ya kijani, mviringo kama kalamu, na utomvu mweupe unaochoma macho. Hupandwa kwa kukata tawi na kulichomeka. Na kule Kilimanjaro Wachaga wana isale, mmea wa majani marefu unaopandwa kwa vijiti ili kuonyesha mpaka wa kihamba; na mtu akimkosea mwenzake, humpelekea jani la isale kuomba msamaha, na si adabu kulikataa. Mmea mmoja umefanywa mpaka na tena umefanywa njia ya kuuvuka mpaka. Tangu zamani, basi, watu wa nchi hii walijua kutengeneza ua kwa kijiti, na walijua kwamba ua si kizuizi tu.

Sasa nije Kihesa. Marehemu baba yangu alitoka kijijini akaingia mjini Iringa katika miaka ya 1950, angali kijana, akapata kazi ya kutunza bustani katika nyumba ya ofisa mmoja wa serikali ya kikoloni kule Gangilonga. Wakati ule mtu wa kazi hiyo aliitwa shamba boi, hata akiwa na mvi. Nyumba za Gangilonga zilikuwa na nyua ndefu za maua, zilizokatwa zikanyooka kama zimepigwa rula. Kazi ya baba ilikuwa kuzikata, na amri ilikuwa kwamba matawi yaliyokatwa yatupwe shimoni yachomwe moto.

Baba hakuyachoma yote. Jioni aliteua vijiti vilivyokomaa, akavifunga pamoja na kuni zake, akateremka navyo Kihesa. Siku moja mama wa nyumba ile alimsimamisha langoni akamwuliza atafanyia nini matawi yale. Baba akajibu kuwa ni kuni. Yalikuwa mabichi, yana majani, na hata mtoto angejua kwamba si kuni. Yule mama alimtazama kitambo, kisha akampisha. Baba alipotusimulia habari hiyo alikuwa akicheka, lakini mimi nilipokuwa mtu mzima nilijiuliza kwa nini hakusema kweli. Hakuwa ameiba; kitu kilichoamriwa kuchomwa moto hakina mwenyewe. Nadhani aliona kwamba kusema, "Nataka kupanda ua wa maua kwangu," kungekuwa kusema neno kubwa kuliko kijiti. Kungekuwa kusema kwamba mtu wa Kihesa naye ana nyumba, na ana macho ya kupenda kizuri. Katika Tanganyika ya siku zile ilikuwa salama zaidi kusema ni kuni.

Ua wetu ulishika. Mama akaanza kugawa. Jirani alikuja asubuhi, akaamkia "Kamwene", akakaa, na kabla ya kuondoka akapewa vijiti vitatu vimefungwa kwa jani la mgomba. Hakutoa fedha. Aliyepewa haibiskasi mwaka huu, mwaka ujao alileta kijiti cha maua ya Krismasi au mche wa mnanaa. Hivyo katika mtaa wetu ungeweza kutazama ua wa mtu ukajua alizungumza na nani, ameoa wapi, na amegombana na nani. Nyumba mbili zisizosemezana zilikuwa na maua ya rangi mbili tofauti.

Kuchomeka kijiti ni elimu, na yafaa niieleze kama nilivyofundishwa, maana wanafunzi wengi wa leo hawakuipata nyumbani. Tawi lisiwe changa, kwa maana litaoza. Wala lisiwe kuukuu, kwa maana litachelewa. Liwe na unene wa penseli. Kata urefu wa shibiri moja, lenye vifundo vitatu au vinne. Ncha ya chini ikatwe mshazari, karibu chini ya kifundo. Ncha ya juu ikatwe sawasawa. Mikato hiyo miwili si urembo. Ni alama ya kukujulisha wapi chini na wapi juu. Ondoa majani ya chini, na yale machache ya juu uyapunguze nusu, ili kijiti kisipoteze maji wakati hakina mizizi ya kuyavuta. Chomeka vifundo viwili ardhini, katika udongo uliochanganywa na mchanga, mahali penye kivuli, kisha nyunyizia maji kidogo kila siku. Mnyaa una sharti lake: ukishaukata, uuache kivulini siku kadhaa mpaka jeraha likauke, la sivyo utaoza. Kwetu Iringa mvua huanza Novemba au Desemba na kumalizika Aprili, na huo ndio wakati. Kijiti kilichochomekwa katika baridi ya Juni hukaa tu kikitutazama.

Wataalamu wameeleza kwa nini mambo huwa hivyo. Ndani ya mmea mna kichocheo kiitwacho oksini, ambacho Mholanzi Frits Went alikipima katika majaribio yake aliyoyatangaza mwaka 1928, na katika miaka ya 1930 ilithibitishwa kwamba ndicho kinachosababisha mizizi kuota. Oksini hutengenezwa zaidi katika machipukizi na majani machanga, na huteremka. Ikifika penye mkato hujikusanya hapo, na hapo mizizi huanza. Ndiyo sababu kijiti kilichochomekwa kichwa chini hakishiki, au hushika kwa shida. Kimetengwa na mama yake, hakina mizizi, hakina jani, lakini hakisahau wapi ni chini kwake. Mimi niliyezoea kuandika mashairi sikuweza kulipita jambo hilo kimya:

Kijiti nilichomeka, uani penye kivuli,
Majani yakadondoka, nikaona ni batili,
Mvua iliposhuka, macho yakawa mawili,
Kumbe kilichofichika, kilishashika asili.

Msomaji makini atakuwa na swali, nalo ni swali la haki. Bogenvilia si mti wa Afrika. Ni wa Amerika ya Kusini. Maua ya Krismasi yalitoka Meksiko. Haibiskasi hii ya bustani ni ya Asia. Tena zilifika Iringa kupitia bustani za wakoloni. Je, mkusanyiko wa makala juu ya utamaduni wa taifa una haja gani na miti hiyo? Wahenga hawakusema kwamba mwacha asili ni mtumwa?

Walisema, nami siwapingi. Lakini tulitazame neno lenyewe. Asili ni neno tulilolipata kutoka Kiarabu, na huko lina maana ya mzizi na shina, pamoja na chanzo. Sasa fikiri juu ya kijiti. Hakiji na mizizi. Mizizi yake ya zamani imebaki kulekule kilikokatwa. Mizizi itakayokilisha kinaiotesha hapa kilipochomekwa, kwa maji ya hapa na udongo wa hapa. Rangi ya ua lake kimeileta. Mizizi yake ni ya Kihesa. Muhogo nao ulitoka Amerika ya Kusini, ukaletwa Afrika na mabaharia Wareno, ukaenea nchini kwa pingili, mkono kwa mkono, kama haibiskasi ya mama yangu. Nani leo atasema kwamba muhogo si chakula chetu? Hata lugha yetu imekubali: twasema pingili za muhogo, marando ya viazi, vikonyo vya chai. Watu hawakupi kitu majina mengi hivyo kama hawajakifanya chao.

Mtumwa, kwa maoni yangu, si yule aliyepanda ua la mgeni. Mtumwa ni yule anayedhani kwamba ua hilo lina historia kwa mgeni tu. Hapa sina budi kueleza jinsi majina ya maua yanavyopatikana. Bogenvilia iliitwa kwa jina la Louis-Antoine de Bougainville, nahodha Mfaransa aliyeizunguka dunia kuanzia mwaka 1766 hadi 1769. Aliyeikusanya kwa ajili ya elimu, kule Rio de Janeiro mwaka 1767, alikuwa Philibert Commerson, tabibu na mtaalamu wa mimea wa msafara huo. Lakini Commerson alikuwa na msaidizi, aliyebeba mizigo na kukusanya mimea pamoja naye, na msaidizi huyo alikuwa mwanamke, Jeanne Baret, aliyevaa mavazi ya kiume kwa sababu wanawake walikatazwa kusafiri katika merikebu za jeshi la Ufaransa. Ndiye mwanamke wa kwanza anayejulikana kuizunguka dunia. Ua halikupewa jina lake. Lilipewa jina la mwenye merikebu.

Na sisi tulichukuliwa letu kwa namna hiyohiyo. Katika misitu ya Usambara huota ua dogo la zambarau, linalokaa penye mawe na kivuli. Mwaka 1892 ofisa Mjerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwao, na mwaka 1893 mtaalamu Hermann Wendland akalipa jina la Saintpaulia. Leo limekaa madirishani katika nchi nyingi za dunia, na aghalabu huongezwa kwa jani: jani moja huchomekwa kwenye udongo, nalo huzaa mimea mipya. Mtu wa Usambara aliyemwonyesha ofisa yule njia ya kufika penye lile jiwe hakuandikwa. Sisemi hayo ili kulalamika. Nayasema ili mwanafunzi aone kwamba jina la ua hutuambia nani alikuwa na kalamu, wala halituambii nani alikuwa na kisu.

Haifai, hata hivyo, kusifu kijiti kupita kiasi. Kijiti ni mama yake mtupu, hakina kilichobadilika. Wema wa mama hukifuata, na ugonjwa wa mama hukifuata vilevile. Wakulima wa muhogo wanalijua hilo kwa uchungu. Batobato ya muhogo iliandikwa kwa mara ya kwanza na Warburg mwaka 1894, kutokana na mihogo ya Usambara. Na mwaka 1936 Storey, wa kituo cha utafiti cha Amani, alieleza ugonjwa mwingine, michirizi ya kahawia. Magonjwa yote mawili husafirishwa na inzi weupe, lakini husafirishwa pia na mkono mwema wa jirani anayetoa pingili bila kuzitazama. Tena mmea wa lantana, ulioletwa kuwa pambo la bustani, umetoroka nyuani ukaingia malishoni, na mifugo iulapo huugua. Kwa hiyo anayepokea kijiti atazame kwanza: jani lina mabaka? Mti huu hukaa unapowekwa? Mambo ya utamaduni nayo ni hivyo. Kupokea si aibu, na kuchagua si uchoyo.

Baada ya Uhuru, mwaka 1961, nyumba ile ya Gangilonga ilipata wakazi wengine, na baadaye wengine tena. Katika miaka ya 1990 ua wake ulikuwa umekwisha kabisa; ulikauka upande mmoja, na upande mwingine ukakatwa ili gari lipite. Siku moja mama alipata mgeni, mke wa mtumishi wa serikali aliyekuwa amehamia katika nyumba hiyo. Alisikia kwamba Kihesa kuna bibi mwenye haibiskasi nzuri, akaja kuomba vijiti. Mama alimkatia kumi, akamfundisha mshazari wa chini na usawa wa juu. Hakumweleza kwamba miti hiyo ilikuwa inarudi kwao. Baba alikuwa amekaa barazani; alinyamaza mpaka mgeni alipoondoka, kisha akasema, "Safari hii hazikuitwa kuni."

Kwa elimu ya mimea maneno ya baba yalikuwa sahihi kuliko alivyojua. Kwa kuwa kijiti ni mti uleule, ule ua wa Gangilonga haukufa. Uliendelea kuishi Kihesa kwa miaka takriban 40, katika nyumba ya mtu aliyeamriwa auchome moto, na ukarudi kwa ukarimu wa mke wake.

Sasa nyumba ya wazazi ni yangu, na ua umefikia zamu ya kung'olewa. Sitaki kumlaumu mtu. Wezi wameingia mara mbili. Wanangu wanataka ukuta wa matofali ya saruji wenye lango la chuma, kama wa majirani. Nimeukataa ukuta huo miaka mitatu, na mwaka wa nne nimekubali, maana haki ya usingizi wa watoto ni kubwa kuliko kumbukumbu zangu. Lilinga la Kalenga nalo lilijengwa kwa sababu ya hofu ya kweli, si kwa kiburi. Lakini ukuta una upungufu mmoja: huwezi kumkatia jirani kipande akaenda kuotesha wake.

Kabla fundi hajaja nilikata vijiti 60, katika juma la kwanza la mvua. Nilivigawa nyumba kwa nyumba, na vilivyobaki nikavipeleka katika shule moja ya karibu. Wanafunzi walivichomeka kandokando ya uwanja. Baada ya siku tisa nilikuta binti mmoja amekwisha kung'oa chake ili atazame kama kimeota mizizi. Hakikuwa na mzizi hata mmoja, na alikuwa karibu kulia. Nikampa kingine, nikamwambia akiache.

Nawaomba walimu wenzangu, maana kila mzazi ni mwalimu, wawape wanafunzi zoezi moja la historia lisilohitaji kitabu. Kila mmoja aende nyumbani auchague mti mmoja wa uani, aulize: nani aliuchomeka, alipewa na nani, mwaka gani, na yule aliyempa aliupata wapi. Aandike majina yote atakayotajiwa, mpaka mahali ambapo hakuna anayejua tena. Zoezi hilo lifanywe mapema. Minyaa ya upande wa zizi nilichelewa kuiuliza, na mama, aliyejua, amekwisha kufa.